Raba Mpya Michenzani

Mara tu baada ya sala ya alfajiri, tarehe mosi Januari, shangazi alinigongea mlango mara tatu akaniambia nisichelewe, watu hawatanisubiri. Nilikuwa nimevuka jana yake kwa boti ya mwisho kutoka Dar es Salaam, nikijua nimekuja Unguja kula sikukuu. Sebuleni nilimkuta amekaa kwenye kigoda chini ya taa, anafunga raba. Zilikuwa nyeupe, mpya, bado zina harufu ya dukani. Kamba zake hakuzitaka, alisema ni ndefu, zitamkwaza. Basi amezivua na mahali pake ametia vipande vya kanga alivyovisokota mwenyewe, vyekundu kwa vyeusi. Alikaza fundo la mwisho, akainuka, akakanyaga sakafu kwa mguu mmoja kisha wa pili kama anayejaribu ubao wa mtumbwi, akaridhika.

"Shikamoo shangazi. Safari ya wapi hii?"

"Marahaba mwanangu. Vaa kwanza, tutaongea njiani."

Kila tarehe mosi Januari Zanzibar huadhimisha Siku ya Mazoezi ya Viungo Kitaifa. Vikundi vya mazoezi vya Unguja, vya Pemba na vinavyovuka bahari kutoka Bara hukutana asubuhi na mapema, hutembea pamoja katikati ya mji, na kituo chao cha mwisho mara nyingi ni Uwanja wa Amaan, ambako viongozi wa nchi nao huwa wamevaa raba. Kwingine mwaka mpya huingia watu wakiwa wamelala hadi jua la utosi. Hapa sikukuu yenyewe ni jasho, na mimi nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo ng'ambo ya pili ya maji bila kuiona.

Shangazi ana miaka 63 na anakaa ghorofa ya nne katika yale majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Kwake hupandwa kwa miguu. Ngazi hizo amezipanda na ndoo za maji, na watoto mgongoni, na mfuko wa mchele wa Idi. Tuliposhuka nilimuuliza mtu wa ngazi nyingi namna hii anatafuta nini kwenye kikundi cha mazoezi. Alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja, anashuka kwa mpangilio, mguu baada ya mguu.

"Daktari aliniambia nitembee, presha ilikuwa juu," alisema. "Hakuniambia nitembee peke yangu."

Ghorofa ya tatu mlango ulikuwa wazi, jirani anavaa soksi. Ghorofa ya pili alitoka mama na binti yake, wote kwa fulana za bluu juu ya magauni marefu. Tulipofika chini tulikuwa watu tisa na hakuna aliyemwita mwenzake.

Kwenye mzunguko wa Michenzani palikuwa bado na kiza chembamba, upepo wa kaskazi unavuma pole, na mnara wa kumbukumbu ya Mapinduzi umesimama juu ya vichwa vya watu. Vikundi vilikuwa vimejipanga kwa rangi: wa bluu, wa kijani kibichi, wa njano, wa zambarau yenye maandishi ya fedha mgongoni. Kina mama walikuwa wamelinganisha mitandio na fulana, na walioshindwa kupata rangi yenyewe walitafuta jirani yake, ukapata bluu za aina sita katika safu moja. Mwalimu wa kikundi cha shangazi ni kijana mwembamba, siku za kazi husomesha skuli. Ana firimbi ya chuma iliyofungwa kwa uzi wa mshipi shingoni. Alipita safu kwa safu akisalimia wakubwa kwanza, kisha akatoa agizo moja tu: walio mbele wasiwakimbie wenzao, na walio nyuma wasikate tamaa wakakaa barazani.

Katika mkusanyiko kama huo macho yangu yalishuka chini, kwenye miguu. Raba mpya ziling'aa kila mahali, na huo ndio wasaa wake. Nadhani hakuna mwezi duka la viatu linaoupenda kama huu. Lakini kando ya raba mpya kulikuwa na raba zilizokwisha kisigino upande mmoja, za watu wanaotembea mwaka mzima. Kulikuwa na malapa ya plastiki, na kijana mmoja wa miguu mitupu aliyesema mguu wake haujawahi kuelewana na kiatu. Na kulikuwa na makubadhi. Mwenye makubadhi alikuwa mzee wa Makunduchi aliyevaa kanzu iliyopandishwa kidogo na kofia ya mkono, ana bakora, amesimama katikati ya fulana za njano kana kwamba ni wao waliomkuta pale.

"Mimi mwaka wangu bado," aliniambia nilipomwamkia. "Huu ni wa kwenu. Wangu wa Julai."

Alikuwa na maana ya Mwaka Kogwa, mwaka wa jua wa Makunduchi, ambao husherehekewa Julai kwa siku nne. Katika siku yake kubwa wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa magogo ya migomba, huku wanawake wakipita kando na nyimbo zao za vijembe, na kibanda cha makuti huchomwa moto. Mtu aliyekuwa na kinyongo na mwenzake mwaka mzima hukimalizia pale, kwa gomba laini lisilovunja mfupa, kisha wanakwenda kula pamoja. Mzee alinionyesha kwa bakora jinsi ya kukinga pigo la juu na jinsi ya kujibu la chini. Mabega yake yalizunguka bila kukwama. Akili yangu ilitulia hapo: kumbe visiwa hivi vilikuwa na mazoezi ya mwaka mpya zamani sana kabla ya mtu yeyote kushona fulana.

Nilimuuliza kama ni hivyo, hapa Michenzani amefuata nini. "Mjukuu wangu yumo," alisema, akaelekeza bakora kwa msichana mwenye mtandio wa njano. "Ameniambia babu, ukija na mimi nitamaliza."

Firimbi ililia, msafara ukaanza.

Kutoka Michenzani hadi Amaan si mbali. Mtu mwenye haraka hata jasho halimtoki sawasawa. Lakini hakuna aliyekuwa na haraka moja na mwenzake, na hapo ndipo utamu wa asubuhi ile ulipokuwa. Kijana mmoja mwenye saa kubwa mkononi alikuwa akichomoka mbio hadi mbele kabisa, anageuka, anarudi hadi mkiani, anachomoka tena. Mwisho wa safari alikuwa ametembea njia ile mara tatu au nne na uso wake umeng'aa kwa furaha. Kina mama wa bluu walitembea kwa wimbo. Mmoja alianzisha, wengine wakapokea, na wimbo ukipanda na miguu inapanda. Ukishuka wanapumzika bila kusimama. Wanaume wawili wa makamo walikuwa wakibishana kuhusu Kombe la Mapinduzi, nani amesajili nani na nani hana beki. Kila mmoja alipotaka kukazia hoja alisimama, mwenzake akasimama pia, wakaachwa, wakagundua wameachwa, wakakimbia hatua ishirini kutufikia, wakaanza upya. Mwalimu aliniambia hao wawili ndio wenye pumzi kuliko wote kikundini, na hawajui.

Mbele yangu alikuwapo dada mmoja aliyeshika simu kama anayebeba yai. Alikuwa anahesabu hatua. Lengo lake la mwaka lilikuwa hatua 10,000 kila siku ya Mungu, na alikuwa anaogopa kwamba kutoka nyumbani hadi Amaan na kurudi hazitatimia, basi alikuwa anakwenda kwa hatua fupifupi, mbili mahali pa moja. Hesabu hiyo haikutoka hospitali. Ilitoka Japani mwaka 1965, pale kifaa cha kuhesabia hatua kilipoingia sokoni kwa jina la manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina likapendeza watu, likaenea duniani hadi kwenye simu ya dada huyu. Shirika la Afya Duniani lenyewe huhesabu dakika: angalau 150 kwa wiki kwa mtu mzima, za mwendo unaopandisha pumzi kiasi. Nilimwambia hayo, akafikiri kidogo.

"Dakika sizioni, kaka," alisema. "Hatua naziona."

Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo naona alikuwa amesema kweli. Mtu hushikwa na kile anachokiona. Kama namba ya tangazo la Japani inamwamsha mwanamke wa Kikwajuni kabla ya jua, namba hiyo imefanya kazi njema.

Mwanamke niliyemkumbuka kuliko wote alikuwa nyuma kidogo, mkono mmoja umeshika mwisho wa mtandio. Alikuwa mkulima wa mwani kutoka Paje, amelala mjini kwa dada yake ili asiikose asubuhi hii. Kilimo cha mwani kimeshika pwani ya mashariki tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaoifanya kazi hiyo ni wanawake. Bahari ikipwa wanatembea mbali hadi kwenye mashamba yao, maji ya magotini, wanafunga vitawi kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vijiti, mmoja mmoja, mamia kwa mamia. Mwani mbichi una maji, na wenye maji ni mzito. Wanaurudisha nchi kavu kichwani. Nikamtazama: shingo imenyooka, vifundo vya vidole vimekomaa kwa chumvi. Nikamwambia, dada, wewe mazoezi yako si yanatosha? Hakucheka wala hakukasirika.

"Mwani unaniinamisha," alisema. "Leo natembea nimenyooka."

Tulitembea kimya kwa muda. Kisha akaniuliza kama nimeona jinsi hewa ya asubuhi ilivyo nzuri mtu asipokuwa na mzigo.

Jua lilitukuta karibu na uwanja. Uwanja wa Amaan ulifunguliwa mwaka 1970, ukijengwa kwa msaada wa China, na Desemba 2023 ulifunguliwa tena baada ya matengenezo makubwa. Watu wa mji bado wanautembezea macho kama wageni. Ndani, vikundi vilijipanga kwenye uwanja, rangi zikakaa vipande vipande kama mkeka wa ukili. Mkufunzi juu ya jukwaa akapuliza, spika zikarusha muziki, na maelfu ya mikono ikapanda. Haikupanda pamoja. Kushoto ilipanda mapema, katikati ilifuata, na upande wetu ilikuja mwisho kabisa kwa sababu sauti ya spika ilichelewa kutufikia, hata ukiangalia kwa juu ungedhani ni wimbi linavuka uwanja. Shangazi alinyoosha mikono mbele, akainama hadi viganja vikagusa zile kamba za kanga, akainuka pole. Mzee wa Makunduchi aliruka zoezi la kuchuchumaa, akasimama wima na bakora yake akihesabu kwa sauti kwa niaba ya mjukuu: tisa, kumi, kumi na moja, kaza mama, kumi na mbili. Hotuba zilikuja baadaye, watu wakazisikiliza wakipepewa na fulana zao wenyewe.

Baada ya hapo tulikula. Shangazi na wenzake wana mahali pao, barazani kwa mama mmoja Kwahani, na wakifika mbaazi za nazi ziko tayari na mahamri yamefunikwa kwa kitambaa. Hapo ndipo palipozuka mjadala wa asubuhi. Mwalimu wa firimbi alishikilia kwamba hamri mbili zinarudisha yote yaliyotoka Michenzani hadi Amaan, tena na riba. Mwenye baraza akamwuliza kama yeye anakula au hali. Akala. Mimi niko upande wa mbaazi. Watu hawaamki gizani mwaka hadi mwaka kwa ajili ya firimbi peke yake. Wanaamka kwa sababu mwisho wa njia kuna baraza, kuna sinia, na kuna mtu atakayeuliza mbona fulani hakuja leo.

Nilikuwa nimepanga kurudi tarehe 3. Nilikaa hadi tarehe 15, nikizunguka mji kuona kila mtu ameushika mwaka kwa upande gani.

Nyuma ya nyumba moja ya Kwahani nilikuta jimu ya vijana. Paa ni mabati mawili, sakafu ni mchanga. Vyuma vyao wamevitengeneza wenyewe: bomba la maji limechomekwa ncha zote mbili katika makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Kopo likishachakaa wanalibandua, na saruji inabaki na mistari ya kopo, hata maandishi ya kiwanda yaliyogongwa kwenye bati yanasomeka juu ya jiwe. Pande mbili hazilingani uzito, kwa hiyo wana desturi: ukinyanyua mara kumi unazungusha bomba, unanyanyua kumi nyingine, ili bega la kushoto lisimdai la kulia. Januari hii walikuwa wamepokea wageni sita. Kijana mkubwa wao hakuwacheka wala hakuwapa bomba la saruji siku ya kwanza. Aliwapa bomba tupu, akawasimamia mgongo unyooke, wiki nzima.

Jioni, maji yakijaa, niliwatazama wapiga mbizi wa Forodhani. Wanatoka mbio kwenye ukuta, wanaruka, wanajipindua hewani na kutumbukia, halafu wanapanda kwa mikono juu ya mawe na kupanga foleni tena. Kama ni mazoezi, hakuna aliyewaambia. Nilihesabu mtoto mmoja akiruka mara 23 kabla ya kuitwa nyumbani.

Na pale Jaws Corner, ndani ya Mji Mkongwe, nilikaa na wazee wa kahawa na dhumna. Mmoja wao, wa umri wa marehemu baba yangu, alinisikiliza nikimsimulia mambo ya Amaan, akapiga kete yake mezani, kisha akaniambia anatembea kwenda msikitini na kurudi mara tano kwa siku, mvua au jua, tangu ujana wake. Rakaa za faradhi ni 17, sijida zake 34, kabla hujahesabu za sunna. "Ibada ni ibada, mwanangu, siichanganyi na kitu," alisema, akishusha sauti. "Lakini magoti yanajua." Akanyanyuka kutoka barazani bila kushika kitu, akaenda kuchukua maji.

Wenzangu wengi wa kalamu wakifika katikati ya Januari huandika juu ya walioacha mazoezi. Wanaandika kwa furaha, kama waliokuwa wakisubiri. Mimi siioni furaha hiyo. Mtu aliyetoka nyumbani siku nne na raba mpya amepata siku nne za asubuhi ambazo hakuwa nazo Desemba. Ameona jirani zake wakiwa na nyuso za usingizi, amejua jina la mwalimu, ameonja mbaazi. Akirudi Machi hataanza ugenini. Na huku, kati ya Januari na huko mbele, kuna Ramadhani inayopanga upya saa zote: kikundi cha shangazi mwezi huo huhamia usiku baada ya tarawehe, na wapo wanaotokea wakati huo tu, mwaka hadi mwaka, wakaondoka na mwezi wao.

Alfajiri ya mwisho tulitoka tena. Tarehe mosi, kikundi peke yake kilikuwa na watu zaidi ya mia. Siku hiyo tulikuwa kumi na mmoja, pamoja nami. Mwalimu alipuliza firimbi kwa nguvu ileile. Tulikwenda hadi viwanja vya Maisara, tukanyoosha viungo kwenye majani yenye umande, bahari iko pale karibu inapwa. Wale wawili wa Kombe la Mapinduzi walikuwapo, bado hawajakubaliana kuhusu beki. Dada wa hatua alikuwapo pia, ameanza kukanyaga hatua ndefu.

Tuliporudi, shangazi alivua raba mlangoni. Hazikuwa nyeupe tena. Vumbi jekundu lilikuwa limeingia kwenye mishono, na pembeni kidole kidogo kilikuwa kimeanza kujitafutia nafasi yake. Alichomoa zile kamba za kanga, akazifua kwa sabuni ya kipande ndani ya bakuli, akazikamua, akaenda kuzianika kwenye waya wa dirishani. Ghorofa ya chini yetu dirisha likafunguka. Alikuwa yule jirani wa soksi, ambaye sikumwona tangu tarehe 5.

"Bi mkubwa, sabalkheri! Leo mmefika wapi?"

"Maisara," shangazi alijibu, akibana kamba ya pili kwa kibanio. "Umande mwingi, lakini hewa nzuri."

Jirani alinyamaza kidogo. Tulisikia kijiko kinakoroga chai.

"Kesho nigongeeni," alisema.

"Mara ngapi?"

"Tatu. Nisipotoka, ongezeni ya nne."